Kuomba Maji kwa Kiswahili Sanifu

"Mwalimu, kwani maji ya kwenu na maji ya kwangu hayatoki bomba moja?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa mama wa mtoto niliyekuwa nikimfundisha. Alisimama kwenye ngazi za kituo chetu cha Donholm, Nairobi, mkoba begani, amechelewa kazini kwa ajili yangu. Ningeweza kumjibu kwamba maji ya Donholm huja Jumanne na Ijumaa, nayo ya mtaa wa Fedha, alikokaa yeye, huja yanapojisikia. Lakini hakuwa anauliza habari za bomba. Alitaka kujua kwa nini binti yake wa miaka sita, ambaye kwangu aliomba maji kama mtangazaji wa habari, akifika nyumbani haombi.

Shahada nilikuwa nayo. Jibu sikuwa nalo.

Nilikuwa nimesoma saikolojia. Chuo kikuu kilinifundisha kutilia shaka kila kitu isipokuwa tangazo la kazi, kwa hiyo nilipoona kituo kinatafuta mwalimu wa watoto wenye usonji, nikaenda bila swali hata moja. Nilipewa mafunzo ya siku nne mbele ya kompyuta, kisha cheti, kisha fulana yenye nembo. Kituo kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na masomo yetu yote yaliendelea huku mabati yakikatwa chini. Mkurugenzi tulimwita Madam, kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha. Aliamini vitu vitatu: grafu, Kiswahili sanifu, na picha za kuwatumia wazazi.

Njia tuliyoitumia huitwa uchambuzi wa tabia. Unachukua jambo, unalikata vipande vidogo, unafundisha kipande kimoja, mtoto akipata unamtuza papo hapo, na unahesabu. Si njia mbaya. Nasema mapema ili mtu asidhani nimekuja kuidhihaki sayansi. Sayansi haikuwa na shida yoyote. Kosa lake lilikuwa moja tu: kuniajiri mimi.

Mtoto mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye macho ya mtu anayesikiliza redio iliyo chumba kingine. Maneno yake mwenyewe yalikuwa machache, mengi aliyaazima. Akiogopa alisema, "Pole, pole, umeumia?", kwa sababu siku moja alipoanguka kuna mtu alimwambia hivyo. Akitaka kutoka nje alitangaza, "Tusimame kwa sala ya mwisho." Niliyajua haya yote. Niliyaandika kwenye faili lake siku ya kwanza, kwa mwandiko mzuri, nikalifunga faili.

Mwezi wa Julai alikuwa amekunywa maji ya beseni la nguo, yenye dawa ya kuondoa madoa. Alilazwa siku mbili. Kisa ni kiu tu; beseni lilikuwa karibu kuliko neno. Baada ya hapo mama yake alikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule moja ndogo karibu na nyumbani, na mwalimu mkuu akasema atampokea Januari kwa sharti moja.

"Aweze kuomba maji mwenyewe. Nina watoto arobaini darasani, mama. Siwezi kuchunga mmoja asinywe maji ya ndoo."

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa neno moja. Nilipendekeza neno lenyewe liwe "maji".

"Hapa hatufundishi lugha ya mtaani," Madam alisema. "Mtoto aseme sentensi kamili. Naomba maji."

"Lakini Madam, akiwa na kiu sana…"

"Kiu si sababu ya kukosa sarufi."

Tukaanza. Mimi kwenye kiti kidogo, yeye kwenye kiti kidogo, katikati meza, juu ya meza kikombe cha bluu. Nainua kikombe. Anasema, "Naomba maji." Namimina mafunda mawili, nampa, na kikombe kikigusa mkono wake nasema, "Kazi nzuri!" Hiyo "kazi nzuri" ilikuwa na sauti yake. Tulifundishwa. Ni sauti ya mtu aliyeambiwa ameshinda mbuzi kwenye mchezo wa bahati wa kanisa. Mara ishirini kila asubuhi nilishinda mbuzi.

Kufikia Oktoba mstari wa grafu ulikuwa umegonga dari. Madam aliichapisha kwa rangi, akaibandika ukutani karibu na mlango ili wazazi wapya waione wakiingia. Nikarekodi video, nikamtumia mama yake. Alijibu kwa mioyo sita. Wiki iliyofuata akaja na swali lake la bomba.

Nilimjibu kisomi. "Hiyo ni changamoto ya ujumlishaji, Mama."

"Ya nini?"

"Ujumlishaji wa stadi."

"Kumbe ni hesabu!" Akacheka. "Mimi nimeleta mtoto afundishwe kuomba maji, nyinyi mko kwa kujumlisha."

Akashuka akicheka. Katikati ya ngazi kicheko kikaisha; nilijua kwa sababu nilianza kusikia viatu vyake.

Neno lenyewe halina siri. Maana yake ni kwamba alichojifunza mtoto kwa mtu mmoja, mahali pamoja, kwa chombo kimoja, akitumie pia kwa watu wengine, kwingineko, kwa vyombo vingine. Katika mafunzo yangu ya siku nne somo hilo lilikuja siku ya nne, alasiri, wakati mtandao ulikuwa ukikatika. Nilikumbuka kichwa cha somo na uso wa mkufunzi ulioganda mdomo wazi.

Madam alikuwa na maelezo mafupi zaidi. "Mzazi hafuati programu."

"Naweza kwenda kwao nikaone?"

"Ukimfundisha nje ya chumba utaharibu takwimu."

Nikaenda Jumamosi, siku ambayo takwimu hupumzika.

Walikaa Fedha, ghorofa ya nne. Mlangoni nilipokewa na mitungi ya njano iliyopangwa mstari kama watu wa foleni. Ndani kulikuwa na jagi kubwa la chuma lenye kifuniko, na kikombe cha bati ambacho nyanya yake mtoto alikuja nacho kutoka Ukambani, kwa sababu maji ya plastiki, alisema, yana ladha ya ndala. Nyanya tulimwita Susu, kama anavyoitwa nyanya kwao. Alikuwa amekuja kwa wiki mbili, baada ya kisa cha beseni, na wiki mbili hizo zilikuwa mwezi wa nne. Mchana mama mtu akiwa kazini, Susu ndiye aliyebaki na mtoto.

Kwa Susu maji yaliitwa manzi. Bahati mbaya ni kwamba kwa vijana waliokaa chini ya ghorofa ile, manzi ni msichana. Susu alipochungulia kutoka barazani na kumpigia kelele mwenye mkokoteni wa maji, "Wewe! Niletee manzi!", chini palilipuka.

"Susu, hata sisi tunangoja!"

"Susu, ukipata wawili nipe mmoja!"

"Ngojeni mama zenu!" alijibu, akarudi ndani, hajui alichochekesha lakini ameshinda.

Nilikuwa nimebeba kikombe cha bluu kwenye mkoba. Nikakiinua mbele ya mtoto. "Naomba maji," akasema, safi, na mimi nikashinda mbuzi pale pale sebuleni. Kisha nikakirudisha kikombe mkobani, nikamwonyesha kile cha bati. Akakitazama kama anavyotazama ukuta. Inamaanisha kwamba kwa miezi mitatu nilikuwa nimemfundisha kuniomba mimi kikombe cha bluu, ujuzi utakaomfaa sana maishani iwapo nitahamia kwao.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikatoa amri.

"Susu, kuanzia leo usimpe maji mpaka aseme 'naomba maji'."

"Hata akiwa na kiu?"

"Hasa akiwa na kiu."

Susu aliacha kuchambua ndengu. Alitoka mahali ambapo watu hutembea asubuhi nzima kwa ajili ya mtungi mmoja. "Kwetu mtu hanyimwi maji," alisema. "Hata mwizi hupewa anywe kwanza, ndipo apigwe."

"Sio kumnyima, Susu. Ni kumfundisha."

"Haya, mwalimu."

Baada ya muda mtoto alikuja akasimama mbele yake, kando ya meza yenye jagi. Akasema, "Kazi nzuri!" Kwa sauti yangu. Mbuzi na kila kitu.

Susu akainua kichwa. Akanitazama mimi, akatazama jagi, akanitazama tena. Mimi nikatabasamu kumtia moyo.

"Asante, mami," akamwambia mjukuu wake polepole, akarudi kwenye ndengu.

"Kazi nzuri," mtoto akarudia.

Nikaandika kwenye daftari: Anasifu wengine bila kuombwa. Mara mbili. Stadi ya kijamii, maendeleo makubwa. Nilipiga mstari chini ya "makubwa".

Mama yake aliporudi akathibitisha. "Hiyo nayo mmefundisha, kweli. Jioni nikifika tu, kabla sijavua viatu: 'Kazi nzuri!' Mwalimu, pale ofisini sijaambiwa hivyo na mtu tangu niandikwe. Hata nikiwa nimechoka namna gani, nasikia niko mtu." Alikuwa karani kwenye kampuni ya mizigo. Alisema hivyo akifungua mifuko ya sokoni, amenipa mgongo.

Nilienda Jumamosi nyingi. Kila nilipokuwa ndani Susu alitii amri yangu kama askari. Kila nilipoaga na kuanza kushuka ngazi, nilisikia juu yangu bati likigonga chuma, kling, na nilidhani anaanza kuosha vyombo. Nilimheshimu sana kwa usafi.

Januari ikafika. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa ndogo, yenye dirisha lisilofunguka na joto la kuoka mkate. Mezani palikuwa na chupa yake ya maji. Mtoto akakalishwa kwenye kiti kirefu mno, miguu ikining'inia. Mama yake kando. Mimi nikaambiwa nisimame mlangoni na nisiseme neno. Kikombe cha bluu kilikuwa mkobani mwangu. Nilikuwa nimeona haya kukitoa.

Mtoto akaitazama chupa. Akamtazama mwalimu mkuu.

"Kazi nzuri!"

"Oh! Asante sana, mrembo." Mwalimu mkuu akajiweka sawa kitini. "Umesikia, mama? Ana adabu huyu."

"Kazi nzuri!"

"Tunajaribu, tunajaribu. Si rahisi."

"Kazi nzuri! Kazi nzuri!" Sasa alikuwa analia, na bado ilikuwa sauti yangu ile ile ya furaha, sauti ya mbuzi, inatoka kwenye uso wenye machozi. Mwalimu mkuu akaacha kutabasamu. Mtoto akateleza kutoka kitini, akaenda pembeni palipokuwa na ndoo ya kupigia deki, akapiga magoti.

Mama yake alimfikia kabla hajainama. Alimshika mabega.

"Mama," mwalimu mkuu akasema, na sitamlaumu, "mjaribu tena muhula wa pili."

Nje ya geti mama yake akatoa chupa mkobani. Mtoto akaiona. "Kazi nzuri," akasema. Hapo ndipo nilipoisikia. Miezi mitano, mara ishirini kila asubuhi, maji yalipoufikia mkono wake maneno hayo ndiyo yaliyofika nayo. Mimi nilidhani ni sifa. Kwake yeye lilikuwa jina la maji. "Naomba maji" ilikuwa ya kile kikombe. "Kazi nzuri" ilifanya kazi popote pengine, kwa yeyote, kwa chombo chochote, isipokuwa hakuna aliyejua. Katika kituo kizima mtu pekee aliyeweza kujumlisha alikuwa na miaka sita.

Nikaichukua chupa mkononi mwa mama yake, nikampa. Alikunywa mpaka mwisho bila kupumua.

"Mwalimu," mama yake akasema.

"Naam."

"Kwa hiyo zile jioni zote…"

"Alikuwa na kiu, Mama."

Akaifunga chupa tupu. "Mimi nilikuwa namwambia asante," akasema. "Namwambia asante, napita naenda jikoni."

Tulipofika nyumbani tukamweleza Susu yote. Susu akasema, "Haya," akaendelea kukunja nguo.

Nikaandika mpango mpya. Neno moja, maji au manzi, lolote litakalotangulia. Vikombe vyote vya nyumba, na chupa, na jagi. Watu wasiopungua watano, nusu yao wasiomjua. Ngazi, kibanda cha maji, ukumbi wa kanisa, kwa jirani. Na mimi nifunge mdomo wangu: mtu aliyepata maji hahitaji kupigiwa makofi, maji yanatosha. Madam aliusoma akiwa amevua miwani.

"Huu si mpango. Hii ni ratiba ya matembezi."

Akakubali, kwa sharti kwamba grafu ya zamani isiondolewe ukutani. Nasikia ipo mpaka leo.

Vijana wa chini niliwaajiri bila mshahara.

"Niaje, mwalimu. Leo sisi ni wagonjwa ama madaktari?"

"Leo nyinyi ni bomba. Akija akisema neno, mnampa. Asiposema, mnangoja kidogo, mnamwambia mara moja. Hakuna kupiga makofi."

"Na akisema manzi?"

"Unampa maji, na unafunga mdomo."

Siku aliposema "manzi" kweli, kwa kijana mrefu kuliko wote, wenzake walianguka ukutani kwa kicheko. "Amekuita manzi! Bro, umeitwa manzi!" Kijana alimpa maji kwa mikono miwili, uso mkavu kama wa shemasi. Grafu yangu mpya ilikuwa aibu tupu. Wiki ya kwanza ilishuka, ya pili ikashuka, ya tatu ikalala chini. Jioni, mama yake alipofungua mlango na kuambiwa "Kazi nzuri!", alichuchumaa na viatu vyake, akasema "Maji" mara moja, akampa maji. Alifanya hivyo kila siku kwa wiki saba mpaka ile sifa ikafa. Sikuwahi kumwuliza ilimgharimu nini kuiua.

Mei tulirudi shuleni. Safari hii mwalimu mkuu hakutuita ofisini. Alimwacha mtoto uani, yeye na sisi tukajibanza nyuma ya darasa kama wezi. Jua lilikuwa kali. Mtoto akazunguka, akatazama mfereji uliokauka, akatazama ndoo moja kwa muda mrefu kupita kiasi. Kisha akaenda getini kwa soja, mlinzi mmoja mzee mwenye kofia, ambaye hatukuwahi kumwona wala kumfundisha.

"Maji."

"Maji?" Soja akamtazama. "Sema vizuri basi. Unaomba ama unaamuru?"

Kenya nzima, na tumeangukia soja wa Kiswahili sanifu. Mama yake alinishika mkono akaniumiza.

"Maji," mtoto akarudia, akanyoosha kiganja.

Soja akacheka peke yake, akafungua themosi yake, akammiminia maji kwenye kifuniko, kwa sababu kikombe hakuwa nacho. Mtoto akanywa, akamrudishia kifuniko, akaondoka.

"Mlete Jumatatu," mwalimu mkuu akasema.

Kituo nilikiacha mwaka huo. Kwao niliendelea kwenda, bila fulana na bila daftari. Susu naye alikaa mpaka mtoto alipoingia darasa lililofuata, kisha akatangaza kwamba wiki zake mbili zimeisha na shamba linamngoja. Nilikwenda kumuaga. Alikuwa akifunga kikombe chake cha bati ndani ya leso.

"Siku hizi anasema maji tu," aliniambia, kama anayesengenya. "Kama watu wasio na adabu."

"Adabu gani tena, Susu?"

"Lile neno la kwanza lilikuwa zuri. Nilidhani ndicho Kiswahili chenu cha Nairobi, unamsifu mtu kwanza ndipo unamwomba. Hata yule wa mkokoteni nilikuwa namwambia, kazi nzuri, na mtungi analeta mpaka ndani."

Nilikaa kwenye kiti. "Susu, wewe ulijua kwamba anaomba maji?"

"Angekuwa anaomba nini kingine? Alikuwa anasimama kando ya jagi."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoanza. Wiki ya pili hivi."

"Mbona hukuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe ndiye uliyemfundisha? Nikwambie nini mwalimu? Halafu ukaja hapa ukasema nisimpe." Akakaza fundo la leso kwa meno. "Na ukiwa ndani sikumpa."

Ukiwa ndani. Kumbe kila Jumamosi alisubiri nifunge mlango na nishuke ngazi za kwanza, na kile kling nilichokisikia juu yangu, ambacho kwa miezi nilikiita kuosha vyombo, kilikuwa kikombe cha bati kikigonga jagi, mtoto akipewa maji aliyoyaomba mbele yangu.